Faili Kumi na Saba Zilizovuka Kwenda Mbwajumali

Nyinyi vijana mnaonisimamisha kila nikitoka msikitini, "Bwana Lali, skripti yangu imegoma, hebu nitazamie," nami nimesimama na goti hili linaniuma, nimeona niyaandike yote mara moja nipate kupita kwa amani. Mniwie radhi kwa mwandiko. Shule nilifika darasa la tatu. La nne nililiona dirishani tu. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilikaa zaidi, ndiyo maana kanda zangu za kwanza, zile za kaseti, niliziandika majina kwa herufi za Kiarabu, na mteja asiyezijua alichukua kanda kwa kuniamini tu.

Kazi yangu ilikuwa kurekodi harusi, maulidi na darsa za msikitini hapa Mkomani, kisha kuwapa watu kumbukumbu zao zikiwa na majina. Watu hudhani kazi ni kupiga picha. Picha ni nusu. Nusu ya pili ni jina. Kamera haimjui bi harusi wala shangazi yake; kila kitu hukiita kwa herufi tatu na namba nne, basi. Baada ya miaka mtu anakujia, "Nataka pale babangu anapoitikia dua," na babake keshatangulia mbele ya haki, nawe una maelfu ya faili yenye namba tupu. Hapo ndipo utakapojua jina ni kitu gani.

Zamani nilibadilisha majina moja moja, kwa kidole kimoja. Siku moja akaingia Bwana Twalibu, karani mstaafu aliyerudi kutoka Mombasa na maarifa yake ya kompyuta na kikohozi chake. Akanitazama kwa muda, akasema, "Lali, mbona unashona tanga kwa sindano ya kofia?"

Akanifungulia lile dirisha jeusi, lisilo picha wala kitufe, unaandika amri unabonyeza, kazi imekwisha. Niliogopa. Nilidhani nimeivunja kompyuta. Kiingereza sikijui, basi amri zile nikazihifadhi kama tulivyohifadhi juzuu tukiwa wadogo, herufi kwa herufi, maana yake ije baadaye ikipenda. Na kwa kweli nilimshinda mwalimu wangu kwa jambo moja. Dirisha jeusi halisamehe herufi. JPG kubwa na jpg ndogo, ule mkia wa jina la picha, kwake ni watu wawili wasiojuana. Sisi tuliopigwa fimbo chuoni kwa kuivuta herufi isiyovutwa, hilo halikutusumbua.

Bwana Twalibu, Mungu amrehemu, alinipa mafunzo mawili. La kwanza, kabla ya skripti, yaani ule mfululizo wa amri ulioandika, kufanya, iambie iseme. Weka neno echo mbele ya amri, ikuandikie kwenye skrini, "hili litaitwa hivi, na hili hivi," usome mstari kwa mstari, na ukiridhika ndipo uliondoe hilo echo. La pili, andikisha jina la zamani na jina jipya katika faili la maandishi kando, ili ukikosea upate ndia ya kurudi. Nililishika la pili. La kwanza nililiona la waoga.

Basi nikapata adabu yangu. Harusi yangu ya kwanza kwa skripti, niliiagiza kila picha iitwe "harusi", nikasahau kuiambia iongeze namba. Picha ya kwanza ikaitwa harusi. Ya pili nayo ikaitwa harusi, ikaimeza ya kwanza. Ya tatu ikaimeza ya pili. Mia mbili na kitu zikamezana hivyo mpaka ikabaki moja, ya mwisho: punda wa mchanga aliyenipitia mbele ya kamera nikiwa nafunga mizigo yangu. Babake bwana harusi akaja, akaitazama, akanitazama. "Huyu ndiye mkwe?" Bahati yangu sikuwa nimeifuta kadi ya kamera. Kwa hiyo shikeni hili: kadi haifutwi mpaka mteja aseme asante na afike nyumbani kwake. Na katika mv, ile amri ya kubadilisha jina, wekeni -n, isiweze kumeza kitu kilichokwisha kuwapo.

Tena kuna mambo ya namba. Niliwapa wazee wa msikitini darsa za sheikh, zote kwenye flashi, darsa1, darsa2, mpaka darsa30. Kompyuta kwake baada ya moja ni kumi, maana 10 nayo yaanza kwa 1. Mzee mmoja akanijia juu. "Lali, jana tulikuwa kwenye udhu, leo sheikh yuko kwenye mirathi. Tulikufa lini?" Tangu siku ile naandika 01, 02, 03. Sifuri moja tu, lakini wazee hawafi kabla ya wakati.

Na nafasi katika majina! Folda umeiita Shee Bwana Mkubwa, skripti inakwenda kumtafuta Shee, hayupo, inamtafuta Bwana, hayupo, inarudi kukulaumu. Fungeni jina kwa alama zake mbili za kunukuu, huku na huku, kama mwanamke wa Kipungani anavyofunga mkeka ncha zote mbili. Ukifunga ncha moja umebeba majani.

Lakini nilitaka kuwaambia la faili kumi na saba, maana hilo wengi mmelisikia vibaya.

Mwajua harusi zetu. Wanaume wana yao, nikahi msikitini na maulidi, hiyo nilipiga mimi. Wanawake wana yao ndani, na usiku wa kupamba, bi harusi anapowekwa wazi na wenziwe kuvua mabuibui wakacheza, hapo mwanamume haingii, wala jicho lake haliingii. Hiyo ilikuwa kazi ya Bi Zuhura. Bi Zuhura ni mtu wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mpole mpaka umguse, na nyumba zote za mui huu zilimfungulia mlango kwa sababu moja tu: aliapa kuwa alichopiga hakionwi na mwanamume, mimi nikiwamo. Kadi ya kamera yake aliibana kwa pini ndani ya buibui. Akija dukani kwangu alikaa yeye kwenye kompyuta, akanakili mwenyewe, mimi nikikaa mlangoni nimeipa skrini mgongo. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka na miaka, na sikuwahi kuona hata kanga moja.

Sasa mimi nikawa fundi. Nikaandika skripti ya kutenganisha faili kwa saa. Kila faili hubeba ndani yake saa ilipopigwa. Nikaiambia: iliyopigwa baina ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili, yaani 15 mpaka 18 kwa hesabu ya kompyuta, ni nikahi, itie folda ya wanaume. Iliyobaki yote itie folda ya wanawake. Sikuhitaji kufungua faili hata moja. Nilijiona nimeifanyia dini hisani.

Ikaja harusi ya binti wa hapa Mkomani aliyeolewa na kijana wa Mbwajumali, kule kisiwani Pate. Bi Zuhura alikuwa na nduguye mgonjwa Kipungani, ana haraka ya kwenda. Nikamwambia, "Niachie kadi."

"Sijawahi kuiacha."

"Skripti haina mato ya kuonea, Bi Zuhura. Mimi sitazami. Itatenganisha yenyewe."

Akasimama akiishika ile pini. Kisha akaitoa kadi, akaiweka mezani kwa ncha za vidole. "Amana, Lali."

"Amana."

Nikazitia kadi mbili, yake na yangu, kwenye folda moja, zipewe majina kwa mkupuo mmoja. Nikaendesha skripti bila ya echo. Ikakimbia kama maji ya mkondo. Ijumaa asubuhi akaja Bwana Kale, ami yake bwana harusi, akachukua flashi ya wanaume, akawahi boti ya Pate kabla maji hayajatoka mkondoni. Aliniaga kwa furaha. Baada ya swala ya alasiri, alisema, wanaume wote wa Mbwajumali wamealikwa sabuleni kwake, chumba cha wageni wanaume, kwenye televisheni kubwa, waione nikahi, maana wazee wengi hawakuweza kusafiri.

Niliporudi kutoka swala ya Ijumaa nikakaa kunywa kahawa yangu, nikalifungua lile faili la majina ya zamani na mapya, si kwa kukagua, kwa kujisifu tu. Kamera zetu zilikuwa aina moja, zinatumia herufi zilezile, lakini yangu ilikuwa mpya, namba zake hazijafika mia tano. Ya Bi Zuhura ilikuwa kongwe, iko kwenye elfu saba. Nikaona kwenye orodha ya wanaume: elfu saba na kitu. Nikashuka chini: elfu saba. Elfu saba. Nikazihesabu kwa kidole. Kumi na saba.

Nikakiweka kikombe chini. Faili kumi na saba za kike zimo katika flashi, flashi iko majini inakwenda Pate, na baada ya alasiri wanaume wa kijiji kizima watakaa mbele yake. Binti wa watu, wiki moja ya ndoa. Na Bi Zuhura, ambaye hakuna mama tena atakayemfungulia mlango.

Nitawaambia ukweli kwa kuwa umri huu sina wa kumdanganya. Kitu cha kwanza nilichofanya si kupiga simu. Nilikaa nikitafuta uongo. Nilisema pengine ni video za maua, za vyakula, za mapambo ya kitanda. Nikaweka kidole kwenye faili moja, nifungue nijue tu. Nikakitoa kidole. Nikakirudisha. Kisha nikaizima skrini kabisa, nikampigia Bwana Kale. Hapatikani. Mara sita, hapatikani. Ndipo nikampigia Bi Zuhura.

Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Nikasikia kuku wa Kipungani wanalia nyuma yake.

"Umezifungua?"

"Sijazifungua."

"Wallahi?"

"Wallahi, Bi Zuhura."

"Umejuaje basi kuwa ni zangu?"

"Kwa namba."

Akavuta pumzi. "Basi kaa hapo hapo. Usimpigie mwanamume yeyote. Ukimwambia mwanamume mmoja kuna kitu asikitazame, umekwisha kumwambia akitazame."

Hilo nalo lihifadhini.

Alichofanya yeye ni kumpigia mamake bi harusi, mbele ya yote, akamweleza bila kunitetea wala kujitetea. Halafu akamtafuta dadake Bwana Kale, Bi Mwana Hadija, mwanamke mzima aliyemlea Kale tangu anatambaa. Simu yake ilipokelewa na jirani. Mwenyewe alikuwa shamba. Jirani akakimbia. Mimi huku nimekaa na simu mkononi, adhana ya alasiri inaadhiniwa, na najua wakati huohuo inaadhiniwa Mbwajumali.

Yaliyobaki nilisimuliwa na Bi Mwana Hadija mwenyewe, na akisimulia huwa anasimama. Asema alirudi kutoka shamba na jembe begani, hakupita kwake. Alipoingia kwenye ndia ya nyumba ya nduguye akasikia vigelegele. Vigelegele, vinatoka sabuleni kwa wanaume! Akakaza mwendo. Nje ya dirisha kulikuwa na betri kubwa ya umeme wa jua na waya zake. Akang'oa waya.

Ndani televisheni ikazimika, makelele yakapanda.

"Nani huyo?" Bwana Kale akatoka.

"Mimi. Nipe kile kijiti cha televisheni."

"Dada, wageni wote hawa! Ndiyo kwanza tunaanza!"

"Kale, nilikuosha mimi ulipokuwa huwezi kujiosha. Nipe kijiti."

"Kwani kina nini?"

"Kina kisichokuhusu. Mumeona nini?"

"Pazia! Tumeona pazia la mlango na kusikia vigelegele. Nami najiuliza, msikiti gani huu?"

Akaichukua flashi, akaifunga kwenye pindo la leso. Kisha akamwambia mbele ya wageni, "Haya, wasomee watu maulidi, wamekuja kwa heri," akaondoka na jembe lake. Nao wakasoma maulidi.

Pazia, basi. Ile video ya kwanza ilianza nje ya chumba, kabla pazia halijafunuliwa. Sekunde chache mbele kulikuwa na binti. Alhamdulillahi kwa waya, na kwa mwanamke asiyeuliza maswali mengi.

Siku mbili baadaye Bi Zuhura akarudi, akaingia dukani bila hodi, mkononi ana flashi aliyopelekewa na Bi Mwana Hadija. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Hakusema kali hata moja, na hilo lilikuwa zito zaidi. Akakaa. "Tafuta kosa. Sitoki hapa mpaka lijulikane."

Tukalitafuta. Mimi nasoma saa kwenye orodha, yeye anatazama video skrini ikiwa imegeuziwa kwake.

"Hii kompyuta yasema saa tisa na dakika kumi alasiri," nikasema.

"Hii ni kupamba. Ilikuwa saa tatu usiku."

"Hii tisa na nusu."

"Tatu na nusu usiku."

"Kamera yako imeharibika."

"Haijaharibika. Kamera yangu haikosei hata dakika." Akaitoa mkobani. Wakati ule ule adhuhuri inaadhiniwa. Akanionyesha kioo cha kamera: 6:40. "Hii hapa. Saa sita na dakika arubaini. Adhuhuri. Wewe saa yako yasemaje?"

Nikatazama yangu: 12:40.

Nilikaa kitako. Siku aliyoinunua kamera yake, Bi Zuhura aliitia saa kwa kuangalia saa ya ukutani ya mamake, inayokwenda kama saa za mababu zetu zote, siku inaanza jua likitoka. Mimi yangu niliitia kwa saa ya kompyuta, inayoanza siku watu wamelala. Saa sita baina yetu. Saa tatu zake za usiku, kamera iliandika 15, na 15 kwa skripti yangu ni nikahi.

"Basi kosa ni la nani?" akaniuliza.

Nilitaka kusema ni la kamera. Nikatazama nje, watu wanakwenda kuswali kwa saa yake, si kwa yangu. "Langu," nikasema. "Niliiandika skripti kana kwamba dunia nzima ina saa moja, na sikukuuliza."

Vijana, mkiandika skripti ya kufuata saa, kwanza nendeni kwa mwenye kamera, mtazame saa yake na yenu pamoja, kwa macho. Kuongeza saa sita ni mstari mmoja tu, dakika mbili umemaliza. Lakini Bi Zuhura hakuridhika na mstari.

"Ongeza saa zako," akasema. "Lakini kadi yangu haitanitoka tena mkononi. Na hilo dirisha jeusi utanifundisha."

"Ni gumu, Bi Zuhura."

"Wewe uliishia la tatu ukaliweza. Mimi nilifika la saba."

Mamake bi harusi, mnaulizana, alisemaje? Alimwita Bi Zuhura, akamwuliza nani aliona nini. Akaambiwa pazia. Akauliza nani alimwambia Zuhura kuwa kuna kosa. Akaambiwa, aliyekosea mwenyewe. Akasema ana binti mwingine, wa pili, wa kuolewa mwezi wa mfungo sita, na kazi itakuwa ya Zuhura, na kwamba safari hii faili ziguswe na mkono wa kike tangu mwanzo mpaka mwisho.

Basi nikamfundisha miezi ile. Alijifunza upesi kuliko mimi, na echo hakuwahi kuiruka hata siku moja. Alisoma kila mstari kwa sauti kama mtu anayehesabu watoto wakishuka kwenye boti.

Harusi ile ya pili ikafika, ikapita, na asubuhi yake akaja na kadi kwenye pini. Akakaa kwenye kiti changu. Skripti yake mwenyewe, ya kwanza. Akabonyeza.

"Yakataa, Lali. Yasema hakuna faili wala folda kama hiyo."

Nikainuka nitazame. Kwa haraka akatandaza leso juu ya skrini. "Kwa masikio! Hapa pana majina ya watu na sura zao."

Nikarudi mlangoni. "Nisomee basi."

Akanisomea, herufi kwa herufi, na mimi nimefumba macho.

"Jina la folda lina nafasi?"

"Lina."

"Umelifunga ncha mbili?"

Nikasikia vidole, taratibu. "Jina moja nililisahau." Akabonyeza tena, akaanza kuisoma orodha, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho, wala hakukuwa na kosa hata kwenye moja. Akaondoa echo. Ikapita.

"Imekubali?"

"Imekubali. Sasa nataka kuzitazama kama ziko sawa. Toka nje."

"Nimekupa mgongo, Bi Zuhura."

"Nje, Lali. Na mlango uufunge."

Duka langu mwenyewe! Nikatoka, viatu mkononi, nikaufunga mlango, nikakaa kwenye baraza ya nje juani. Ndani nikamsikia akicheka peke yake kwa kitu nisichokijua na sitakijua. Mpita ndia mmoja akasimama.

"Bwana Lali, mbona nje? Dukani kuna nini?"

"Kuna fundi," nikamjibu. "Nasubiri amalize."